Somo: Kufungua geti la umeme kwa simu bila kumuumiza mtu

Ndugu zangu, habari za wikiendi. Kila mwezi napokea watu wenye ombi moja: geti langu lina mota na rimoti, sasa nataka nilifungue kwa simu nikiwa kazini. Ombi ni zuri, na kifaa chenyewe ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Mimi ni fundi wa mageti hapa Dar es Salaam, kazi zangu nyingi ziko Kinyerezi, Tabata na Goba, na nimefunga vifaa hivi vya kutosha kujua kwamba ugumu hauko kwenye kifaa. Uko kwenye geti. Nitafundisha kwa geti la kuslaidi maana ndilo tulilo nalo wengi. Mwenye geti la mabawa mawili atapata mengi yanayomhusu pia.

Nianze na siku moja ambayo bado inanikaa moyoni. Nilimfungia mteja mota mpya, akataka na kifaa cha simu hapo hapo. Nikamwambia tuweke na fotoseli, vile vimacho vinavyolizuia geti lisimfungie mtu, akasema hela imeisha, tutaweka mwezi ujao. Nikakubali. Wiki tatu baadaye alikuwa Posta kwenye foleni ya benki, mdogo wake akampigia kwamba yuko nje na gari. Akabonyeza simu, geti likafunguka. Akasubiri kidogo, akakadiria kichwani kwamba gari limeshaingia, akabonyeza tena lifunge. Gari lilikuwa limeingia kweli, lakini nyuma yake mtoto wa jirani alikuwa amefuata na kibaskeli chake cha matairi matatu, amekaa juu ya reli anachezea kengele. Mama mmoja muuza genge ng'ambo ya barabara alipiga kelele, mtoto akaruka. Nilipofika nilikuta kibaskeli kimebanwa kati ya geti na nguzo, uma wa mbele umekunjika na kiti kimepasuka vipande viwili. Mtoto hakupata hata mchubuko. Nilikitoa kile kibaskeli kwa nyundo, mwenye nyumba amesimama pembeni yangu, hakuna aliyesema neno.

Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyejua. Rimoti inafika mita chache tu, kwa hiyo anayeibonyeza kwa kawaida yuko karibu na geti analiona. Simu haina umbali. Anayebonyeza anaweza kuwa Dodoma. Kidole kipo, macho hayapo. Kwa hiyo hatua nilizopanga hapa zinaliwekea geti macho yake kwanza, kifaa kinafuata baadaye. Tafadhali msizipange upya.

HATUA YA KWANZA: lisukume geti kwa mkono

Zima umeme, chukua ufunguo wa mota, achia gia ili geti liachane na mota, kisha sukuma geti kwa mkono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Linatakiwa liende kwa uzito uleule njia nzima. Likikukwamia mahali mpaka uweke bega, hapo pana gurudumu lililokufa beringi, reli iliyopinda, au mchanga umejaa. Kuna mafundi wanaomaliza tatizo hilo kwa kuongeza nguvu ya mota kwenye bodi, yaani saketi inayoiendesha. Geti linatembea na mteja analipa, ila nguvu iliyoongezwa inabaki pale ikimsubiri mtu. Badilisha gurudumu, ni kazi ya asubuhi moja.

Angalia pia stopa, kizuizi kinacholisimamisha geti mwisho wa reli. Geti la mita 4 la bati zito na maua ya chuma linaweza kupita kilo 300. Mota hujua pa kusimama kwa sumaku au swichi ndogo, na vitu hivyo huharibika. Bila stopa ya chuma iliyoshikwa na zege kila upande, siku sumaku itakapodondoka geti litatoka kwenye reli na kulala chini, juu ya yeyote aliyepo. Roli za juu zinazolishikilia lisiyumbe nazo zikaguliwe. Sifungi kifaa cha simu kwenye geti lisilo na stopa, hata mteja akinibembeleza vipi.

HATUA YA PILI: lipe geti macho

Fotoseli ni jozi ya vimacho, kimoja kinatuma mwanga usioonekana na kingine kinapokea. Kitu kikikata mwanga huo geti halifungi, na kama lilikuwa linafunga linasimama au kurudi. Jozi ya kwanza iweke kimo cha sentimita 50 hivi, itaona gari na mtu mzima. Nyumba yenye watoto iongeze jozi ya pili sentimita 20 hadi 25 kutoka chini. Mtoto anayetambaa, au aliyechuchumaa kuokota gololi, anapita chini ya jozi ya juu bila kuonekana. Jozi hiyo ya pili watu wengi huniambia haina haja, na mimi huwaomba wapige magoti kwenye reli wajaribu wenyewe.

Ziunganishe kwa mtindo ambao waya ukikatika geti linakataa kufunga. Fotoseli nyingi zina njia mbili za kuunganisha: moja umeme unapita muda wote na unakatika kitu kikipita, nyingine ni kinyume chake. Chagua ya kwanza. Panya akitafuna waya, geti litagoma nawe utajua kuna hitilafu. Ukichagua ya pili, panya akitafuna waya geti litaendelea kufunga kana kwamba macho yapo.

Sasa kuna hatari ambayo wengi hawaijui: geti linaua hata likiwa linafunguka. Kama geti lako ni la nondo zenye nafasi, linapofunguka nondo hizo zinapita mbele ya nguzo. Mtoto aliyeingiza mkono au kichwa kati ya nondo kuchungulia nje anavutwa mpaka kwenye nguzo. Fotoseli ya mlangoni haimwoni kwa sababu hayupo kwenye njia ya gari. Dawa yake ni kuziba: chomelea bati, au wavu wa matundu madogo, sehemu yote inayopita kwenye nguzo, na upande wa ndani linakoingilia geti weka uzio mdogo ili mtu asisimame kati ya geti na ukuta.

Mwisho wa hatua hii ni nguvu ya kubana. Kiwango cha Ulaya cha EN 12453 kinataka geti likibana kitu kwenye mwanya wa milimita 50 hadi 500 lisizidi nyutoni 400, sawa na uzito wa kilo 40 hivi, na ndani ya robo tatu ya sekunde nguvu iwe imeshuka hadi nyutoni 150 au chini yake. Kipimo maalumu ni ghali na mafundi wachache wanacho. Kwa kukagua nyumbani tumia boksi tupu la katoni, la ukubwa wa boksi la mafuta ya kupikia, ulisimamishe kwenye njia ya geti mahali ambapo halikati mwanga wa fotoseli. Geti likilikunja kidogo na kurudi, uko karibu na panapotakiwa. Likiliponda likabaki chapati, punguza nguvu kwenye bodi, rudia. Usijaribu kwa mguu wako, na usimruhusu fundi ajaribu kwa wake.

Kwa anayedhani natisha watu: mwaka 2010 nchini Uingereza watoto wawili, mmoja wa miaka 6 Manchester na mwingine wa miaka 5 Bridgend, walibanwa na mageti ya umeme wakafa, tukio moja likifuata jingine kwa siku chache. Hizo ni nyumba za nchi yenye sheria na wakaguzi.

HATUA YA TATU: kuchagua kifaa

Bodi ya mota ina sehemu ya kuunganisha swichi ya kubonyeza, skrubu mbili tu. Ukizigusanisha kwa waya nusu sekunde, geti linafunguka. Ukigusanisha tena linasimama au linafunga, kutegemea mpangilio wa bodi. Kifaa cha simu hakifanyi zaidi ya hapo, kinagusanisha skrubu mbili kwa niaba yako.

Ndiyo maana unahitaji kifaa chenye kontakti kavu, yaani rilei (swichi ndogo inayojibonyeza kwa umeme) inayogusanisha waya mbili bila kuzipelekea umeme wowote. Shelly 1 ni mfano mmoja wa aina hiyo. Swichi za kawaida za kuwashia taa kwa simu, mfano wake Sonoff Basic, hutoa kwenye waya wake volti zilezile 230 zilizoingia. Zinafanana kwa umbo, zinakaa rafu moja dukani, na muuzaji atakuambia zote ni za Wi-Fi. Ukiunganisha ya taa kwenye skrubu zile mbili, umepeleka volti 230 kwenye bodi ya volti 12. Nimefungua bodi ya namna hiyo Tabata, njia za shaba zimebanduka kama ganda la kitunguu. Kabla ya kulipa, tazama mchoro kwenye boksi. Ukiona rilei ina matundu yake mawili yaliyojitenga na matundu ya umeme, ndiyo. Usipoielewa michoro, mwulize muuzaji: kinatoa umeme au kinagusanisha tu?

Halafu jiulize geti lako litapataje mtandao. Kifaa cha Wi-Fi kinafaa kama ruta iko karibu. Vingi hushika masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, na ukikificha ndani ya kasha la chuma mawimbi hayapiti. Simama getini na simu yako, funga data, tazama kama Wi-Fi ya nyumbani inafungua picha bila kusuasua. Ikisuasua, ongeza kirudishia mawimbi kwanza.

Kifaa cha laini ya simu kinafaa pale ambapo hakuna ruta. Unaweka laini ndani, unasajili namba zinazoruhusiwa, kisha unabipu. Kifaa kinaitambua namba, kinakata simu bila kupokea, geti linafunguka na vocha yako haijaguswa. Kwa viwanja vya pembezoni na maghala ndicho ninachopendekeza. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida hakikuambii geti liko wazi au limefungwa, na laini isipowekewa salio muda mrefu kampuni huifunga.

Kigezo cha mwisho, ambacho kwangu kina uzito kuliko chapa: kiwe na nafasi ya kuunganisha swichi ya sumaku. Sumaku inakaa kwenye geti, swichi kwenye nguzo, na simu yako inakuonyesha hali halisi. Bila hiyo programu inakuambia tu kwamba uliibonyeza.

HATUA YA NNE: kuunganisha

Hapa palipo na volti 230 pawe na fundi mwenye leseni, kwa Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA. Sehemu ya volti ndogo mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe.

Zima sakiti breka ya geti, kisha chomoa na betri. Wengi husahau betri. Mota nyingi zina betri ya volti 12 ndani kwa ajili ya umeme ukikatika, kwa hiyo umezima ukutani lakini gia bado ina uhai na vidole vyako vipo kwenye meno yake. Piga picha ya waya zote kwa simu kabla hujagusa hata skrubu moja.

Tafuta matundu ya umeme wa ziada yanayolisha fotoseli. Rudisha umeme kwa muda, pima kwa mita, kisha zima tena. Usiamini maandishi peke yake. Bodi ya volti 12 yenye betri hupanda mpaka karibu 13.8 inapochaji, hilo ni kawaida. Bodi nyingine hutoa 24, na baadhi hutoa 24 za umeme wa kupishana, ambazo zitakiunguza kifaa kinachotaka umeme wa moja kwa moja wa betri. Kifaa kikikataa volti za bodi, kipe kibadilishi chake kidogo cha umeme.

Peleka waya mbili kutoka kontakti kavu hadi skrubu za swichi. Zikaze, kisha vuta kila waya kidogo kwa vidole, ukitoka haukukazwa. Waya za volti ndogo zisipite bomba moja na za volti 230. Kifaa kikae kwenye kasha la plastiki lisiloingiza maji, juu ya kimo cha mafuriko, na waya ziingie kwa chini zikiwa na mkunjo unaoning'inia ili tone la mvua lianguke kabla ya kufika ndani. Mota iwe na waya wa ardhi uliofika kwenye fito yake ya chuma iliyochomekwa ardhini, maana mvua za masika huja na radi.

HATUA YA TANO: mipangilio

Rilei iwekwe kugusa na kuachia baada ya nusu sekunde hadi moja. Ikibaki imeshikilia, bodi nyingi zitaona kama mtu amelala kwenye kitufe, na rimoti hazitafanya kazi.

Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyohiyo. Vifaa vingi vya laini huja na 1234, na kila mwenye boksi kama lako analijua. Kila mtu wa nyumbani apewe ruhusa yake mwenyewe kwenye programu, usigawe akaunti yako. Dada wa kazi akiondoka unafuta jina lake dakika hiyo, wengine hawasumbuki. Sasisha programu ya kifaa kila inapotokea, na nunua kwa kampuni inayotoa masasisho. Aprili 2023 shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, lilitoa onyo kuhusu vifaa vya milango ya gereji vya Nexx, baada ya mtafiti kugundua kwamba vilitumia nywila moja iliyopachikwa kiwandani, kiasi kwamba mtu wa mbali angeweza kufungua milango ya watu asiowajua.

Kufunga kwa mbali, mimi huwa nakuzima kabisa pale programu inaporuhusu. Simu ifungue, geti lijifunge lenyewe likiwa na fotoseli, au lifungwe na aliyepo. Kama ni lazima ufunge ukiwa mbali, weka kamera inayoonyesha reli yote na kingora kinacholia kabla geti halijasogea.

HATUA YA SITA: wafundishe wa nyumbani

Kila mtu mzima, pamoja na dada na mlinzi, aachie gia kwa ufunguo mbele yako. Ufunguo ukae mahali pamoja panapojulikana. Mtu akibanwa hakuna muda wa kumtafuta baba mwenye nyumba kwenye simu. Na kila mwezi rudieni jaribio la boksi na kupitisha ufagio mbele ya fotoseli.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Tabata: Asante sana fundi, nimesoma na mikono inatetemeka. Geti letu linajifunga baada ya sekunde 15 na halina hivyo vimacho. Fundi aliyefunga alituambia mota ina akili, ikigusa kitu inarudi yenyewe. Nimsikilize?

Jibu: Mama, kujifunga kwenyewe zima leo, kabla ya watoto kurudi kutoka shule. Kwenye bodi nyingi ni swichi ndogo au namba moja ya mpangilio, nitumie picha ya bodi nikuonyeshe. Ni kweli mota nyingi hurudi zikikutana na kizuizi, ila zinarudi baada ya kugusa, na kwa nguvu ile aliyoweka fundi. Fotoseli inazuia kabla ya kugusa. Vyote viwili vinahitajika. Zikishafungwa na jaribio la boksi likapita, unaweza kurudisha kujifunga, na ningekuomba uongeze muda ufike sekunde 30.

Mdau wa Kitengela, Kenya: Fundi, shukran kwa somo. Yangu ni ya Wi-Fi. Stima zikipotea usiku, zikirudi geti linajifungua lenyewe. Nimelipata limefunguka saa tisa usiku mara mbili. Fundi wa hapa anasema bodi imekufa ninunue nyingine.

Jibu: Umenikumbusha jambo lililopaswa kuwa kwenye hatua ya tano, asante ndugu yangu. Usinunue bodi kwanza. Ingia kwenye programu utafute mpangilio wa hali ya rilei umeme unaporudi. Ukikuta imewekwa kuwaka, au kurudia hali ya mwisho, iweke kuzima. Kifaa chako kinaamka, kinagusanisha zile skrubu mbili, na bodi inatii. Ili uwe na uhakika, chomoa waya mbili za kontakti kavu, zima umeme na betri, rudisha. Geti likitulia, tatizo lilikuwa kifaa. Likifunguka tena, ndipo umgeukie fundi wa bodi. Sisi huku umeme wa LUKU ukiisha hali ni hiyohiyo, kwa hiyo kila mwenye kifaa akague mpangilio huu usiku wa leo.

Mdau wa Unguja: Assalaam alaykum maalim. Hii ni bodi ya pili ndani ya mwaka. Nikifungua mfuniko namkuta mjusi kafa juu yake. Na skrubu zina kutu ya kijani. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaykumu salaam sheikh. Mjusi anafuata joto la bodi na wadudu wanaolifuata. Akikanyaga pini mbili kwa pamoja anakufa yeye na rilei. Karibu kila mara anapita kwenye bomba la waya linalotoka ardhini, kwa hiyo lizibe kwa povu la kuziba au silikoni kuzunguka waya. Matundu ya kutolea maji chini ya mota usiyazibe, yawekee wavu mdogo wa plastiki. Usipulizie dawa ya mbu ndani bodi ikiwa na umeme, baadhi hushika moto na zote huacha mafuta yanayokusanya vumbi. Ile kutu ya kijani ni chumvi ya bahari kwenye shaba. Kata ncha ya waya mpaka ufike shaba inayong'aa, safisha skrubu, paka grisi ya umeme kidogo. Bodi mpya mwambie fundi aipake vanishi ya bodi, asiguse matundu ya kuunganishia. Bolti za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila wiki osha reli na magurudumu kwa maji baridi ya bomba, siyo ya kisima chenye chumvi.

Mdau wa Mwanza: Mkuu, nimependa hicho cha kubipu, nataka kukiweka kwenye ghala. Mtu hawezi kuiga namba yangu?

Jibu: Anaweza. Namba inayoonekana kwa mpokeaji inaweza kughushiwa na mwenye ujuzi, na kifaa hakina njia nyingine ya kukutambua. Kwa hiyo namba ya laini iliyo ndani ya kifaa iwe siri kama funguo, isibandikwe ukutani wala isipewe madereva kwa kuisoma kwa sauti. Wasajili kwa namba zao, na orodha ipitieni kila mwisho wa mwezi. Geti la nje lifunguke kwa simu, mlango wa ghala ubaki na kufuli na mlinzi. Na laini hiyo iwekee salio dogo kila mara, jiwekee ukumbusho kwenye kalenda.

Mdau mwingine, Kinyerezi: Intaneti ikikatika au ruta ikizima nitakuwa nimefungiwa nje?

Jibu: Hapana, kama hukutupa rimoti. Kifaa cha simu kimeongezwa juu ya rimoti, hakiibadilishi. Ila kwa upande wa simu, betri ya mota haitakusaidia kama ruta imezima, kwa hiyo ipe ruta betri yake ndogo, zipo za volti 12 madukani Kariakoo. Hakikisha tu volti na ncha vinalingana na za ruta yako.

Mdau wa Houston, Marekani: Kaka, hapa sina geti, nina mlango wa gereji unaopanda juu. Nimenunua kifaa cha waya mbili kama ulivyoeleza, nimeunganisha kwenye mashine pale kinapoungwa kitufe cha ukutani, hakuna kinachotokea. Mashine ina kitufe cha manjano cha kusajilia rimoti.

Jibu: Kaka, kifaa chako huenda ni kizima kabisa. Mashine za Chamberlain na LiftMaster zenye kitufe cha manjano, zilizoanza 2011, hazisikilizi waya mbili kugusana. Kitufe cha ukutani kinatuma ujumbe wa kidijitali uliofungwa kwa siri. Zenye kitufe cha zambarau, chekundu, cha machungwa au kijani hukubali waya kugusana. Kwa yako nunua adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo huo, au kifaa kinachozungumza lugha yake, kama ratgdo. Angalia pia unavyotegemea kampuni: mwishoni mwa 2023 Chamberlain ilifungia programu za watu wengine zisiingie kwenye huduma yake ya myQ, na miunganisho ya wengi waliokuwa wameunganisha nyumba zao kwa njia hiyo ilikoma kufanya kazi.

Kwenye usalama una bahati ya sheria. Mashine za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1993 huko Marekani zinatakiwa ziwe na kinga ya pili ya kubanwa, na kwa kawaida ni vimacho, ambavyo vinakaa kimo kisichozidi inchi 6 kutoka sakafuni. Wapo wanaovifunga vyote viwili darini vitazamane ili visisumbue, angalia aliyekuuzia nyumba hakufanya hivyo. Kifaa kinachofunga mlango bila mtu kuwepo lazima kilie na kuwasha taa angalau sekunde 5 kabla mlango haujashuka, kwa hiyo usinunue kisichofanya hivyo. Springi nene iliyo juu ya mlango usiiguse hata kwa spana. Imebeba uzito wa mlango wote na ikifyatuka inavunja mkono, mwachie fundi wa huko.

Kisha laza kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 4, upande wake mpana ukiwa chini, sakafuni katikati ya njia ya mlango, ubonyeze kufunga. Mlango ukigusa mbao unatakiwa urudi juu ndani ya sekunde 2. Usiporudi, chomoa mashine ukutani, achanisha mlango na mashine kwa kuvuta kamba nyekundu, na uutumie kwa mkono mpaka fundi aje.